Plastiki za maabara zenye vimelea, naweza kuzitibu hapahapa halafu nikaziuza?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mteknolojia wa maabara kwenye hospitali moja huku Mbeya. Kila siku tunatupa tipsi za pipeti, mirija, sahani za petri, vikopo vya mkojo na vya makohozi, vyote vinaishia kwenye kichomea taka cha matofali nyuma ya jengo, na upepo ukigeuka moshi unaingia wodi ya watoto, akina mama wanalalamika. Nasikia huko nje maabara zinatibu taka zao palepale na plastiki inakwenda kutengenezwa vitu vingine. Sisi tuna autoklevu (mashine ya kuua vimelea kwa mvuke wa presha) moja ya zamani ya kupakia kwa juu, lita 75, na Jik, ile dawa ya klorini, ipo ya kutosha. Je tunaweza? Nianzie wapi? Na kwa nini Jik peke yake isitoshe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Inawezekana, ila sio zote, na wala usianzie kwenye autoklevu. Najua umeshaiangalia hiyo lita 75 ukaona ndo mkombozi, hata mimi nilianza hivyohivyo. Anzia kwenye ndoo iliyo chini ya bechi yako, yaani meza ya kazi, maana kinachoingia kwenye ndoo ile saa 3 asubuhi ndo kinaamua kama jioni utakuwa na malighafi au utakuwa na donge la takataka lililopikwa.

Nikuambie kilichonipata mimi. Maabara fulani niliyofanya kazi zamani, tulipata hamasa ya kuacha kuchoma, tukakusanya kila kitu mfuko mmoja, tipsi, sahani za petri zenye agari (rojo la kuoteshea vimelea), glavu, mirija ya damu, tukafunga fundo zuri kabisa, tukaweka tepu ya autoklevu, ile inayobadilika rangi kwa joto, juu, tukawasha. Tepu ikatoka na mistari myeusi safi, tukafurahi. Kufungua mfuko, sahani zimejikunja zimeshikana na agari imeyeyuka ikashuka ikaganda tena, yaani donge moja kama sukari guru lenye tipsi zimechomekwa ndani. Mnunuzi wa plastiki alipoliona akacheka. Na agari iliyovuja ikaziba bomba la kutolea maji la autoklevu, tukakaa bila mashine mpaka fundi akapatikana. Kosa halikuwa la mashine, mashine ilifanya kazi yake, sisi ndo tuliipa vitu visivyopikika pamoja.

Kwa hiyo kwanza ujue plastiki zako kwa majina, geuza kitu utaona pembetatu yenye namba. Tipsi, mirija midogo ya mililita 1.5, mirija mirefu ya sentrifuji iliyo mingi, vikopo vingi vya mkojo, hizo kwa kawaida ni polipropilini, PP, namba 5, inayeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu, kwa hiyo nyuzi 121 za autoklevu inazivumilia bila shida inatoka na umbo lake. Hiyo ndo dhahabu yako. Vifuniko vya mirija na chupa za vitendanishi (kemikali za vipimo) mara nyingi ni HDPE, namba 2, inayeyuka kwenye 130 hivi, kwa hiyo inatoka imelegea imepinda kidogo lakini bado inauzika. Sahani za petri, kiuveti, na zile pipeti ndefu za kufyonzea, ni polistaireni, PS, namba 6, inaanza kulegea kwenye nyuzi kama 100 tu, ndo lile donge nililokuambia. Mirija ya damu mingi ni PET na ndani ina damu iliyoganda, ina jeli, ina kizibo cha mpira, hiyo usijisumbue nayo, itibu halafu iende inakoenda taka nyingine. Mipira laini ya uwazi kama ya dripu ni PVC, ina klorini ndani yake, na hiyo ndo mbaya kuliko zote kwenye kichomea chenu cha matofali kwa sababu ikiungua kwa moto hafifu inatoa asidi na inachangia daioksini, zile sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 umezitaja kwa jina. Hata kama hutauza kilo moja ya plastiki, ukitoa PVC peke yake kwenye moto ule utakuwa umewasaidia wale watoto.

Sasa ndoo. Pale bechi weka ndoo ya PP tu, yaani tipsi, mirija midogo na mirija mirefu mitupu, na ubandike tipsi moja na mrija mmoja kwa gundi juu ya kifuniko, mtu aone kwa macho, maandishi hakuna anayesoma saa 8 mchana akiwa na sampuli 60 mbele yake. Ndoo ya sahani za petri iwe peke yake. Glavu, pamba na karatasi kwenye mfuko wenu wa njano kama kawaida. Vyenye ncha kali kwenye sefti boksi, na sefti boksi haifunguliwi, usije ukashawishika eti bomba la sindano nalo ni PP ngoja nilitoe, hapana, kama hospitali ina kikata sindano kinachotumika palepale kwa mgonjwa hiyo ni hadithi nyingine, lakini kuchokonoa sefti boksi iliyokwishajaa kwa sababu ya plastiki za shilingi mbili tatu ni kujitafutia homa ya ini.

Halafu kuna ndoo ambayo watu wengi hawaijui na ndo inaniogopesha kuliko zote. Kama mnapima wingi wa virusi vya UKIMWI au mnafanya kazi yoyote ya kutoa RNA, kuna kimiminika cha kupasulia seli ambacho mara nyingi ndani yake kuna gwanidini thayosayaneti, kwenye boksi imeandikwa, na baadhi ya katriji zinazoingia kwenye mashine zinayo ndani. Kitu hiki na Jik ni maadui. Vikikutana vinatoa gesi zenye sayanaidi. Na autoklevu usikiingize, joto nalo linakifanya kitoe gesi mbaya. Rafiki yangu mmoja alimimina Jik kwenye chombo cha taka za mashine akidhani anasafisha, akasikia harufu ya ajabu, macho yakaanza kuwasha, bahati dirisha lilikuwa wazi akatoka mbio. Katriji hizo na mirija hiyo hairejelezwi, haipikwi, haitiwi Jik, inafungwa peke yake na kupelekwa kwenye kichomea cha joto kali kweli, kuanzia nyuzi 850 na kupanda, sio hicho chenu cha matofali ambacho kinapata joto hilo siku kuni zikiwa nzuri tu. Tanuri za viwanda vya saruji huwa zinafika nyuzi 1,450 huko ndani, ndo maana baadhi ya nchi zinazitumia kwa taka za aina hii. Ongea na mkoa wenu, kusanyeni vituo kadhaa mpeleke kwa pamoja.

Kemikali nyingine nazo hivyohivyo, mrija uliokuwa na fomalini, zailini, fenoli au rangi ya kuonyeshea DNA usiweke kwenye ndoo ya PP. Autoklevu inaua vyenye uhai, haiondoi sumu. Hili watu wanalisahau kabisa, wanadhani kilichopita kwenye mvuke kimekuwa kama kimezaliwa upya. Mvuke unaua tu, uchafu wenyewe na kemikali vinabaki palepale.

Tuje kwenye Jik uliyouliza. Jik ya asilimia 3.5 ukichanganya kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji unapata klorini ya asilimia 0.5, hiyo ni sawa kwa kufuta meza na kwa damu iliyomwagika. Lakini kwa plastiki za kurejeleza ina matatizo yake. Damu na makohozi vinaila klorini, yaani unaweka dawa ina nguvu baada ya muda inabaki maji ya chumvi. Tipsi ina hewa ndani, ukiitumbukiza hewa inabaki juu dawa haifiki, jaribu siku moja na maji yenye rangi utaona mwenyewe. Vimelea vya TB vina ngozi ya nta, ni vigumu, kwa vikopo vya makohozi mimi sitegemei Jik hata siku moja. Na ile mliyochanganya jana leo mwage mchanganye nyingine. Kibaya zaidi, watu wanaloweka kwenye Jik halafu wanaingiza kwenye autoklevu "kwa uhakika zaidi", jamani, hapo unaichemsha klorini, inatoa gesi inayochoma koo na inakula chuma cha ndani ya mashine, baada ya miezi utaona madoa ya kutu na valvu zinaanza kuvuja. Chagua moja. Kwa kazi yako chagua mvuke.

Sasa mvuke wenyewe, hapa nitakaa kidogo kwa sababu uko Mbeya. Vitabu vyote vinaandika nyuzi 121 kwa presha ya paundi 15 kwenye geji. Hiyo ni pwani bwana, ni Dar na Tanga. Geji inapima presha iliyozidi hewa ya nje, na huko kwenu mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi, ndo maana hata maharage yanachelewa kuiva, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiipandisha geji mpaka 15 ukaridhika, ndani hujapata 121, umepata kama 118. Utasema nyuzi 3 ni nini? Kwa spora, zile mbegu ngumu za bakteria, nyuzi 3 zina maana muda wa kuua unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo kama autoklevu yenu ni ya geji tu, ya mtindo wa jiko la presha, huko kwenu inatakiwa isome karibu paundi 18, na kabla hujaipandisha muulize fundi valvu ya usalama imewekwa kufunguka kwenye ngapi, kama imewekwa chini ya hapo usiilazimishe wala usiikaze, ongeza muda. Kama ina kipima joto cha ndani kinachoendesha mashine basi fuata joto, achana na geji.

Cha pili ni hewa. Mvuke hauui kitu ukiwa haujakigusa, na hewa iliyonaswa kwenye mfuko ni kama blanketi. Kwa hiyo mfuko usifungwe fundo. Acha mdomo wazi upana wa ngumi hivi, ujaze theluthi mbili tu, weka ndani yake maji kama glasi moja, mililita 200 au 250, hayo yanageuka mvuke yanaisukuma hewa itoke kutoka ndani. Vifuniko vya mirija vilegezwe, na kulegeza kufanyike kwenye kabati la usalama, lile linalozuia vimelea kutoka hewani, kama ni kitu cha hatari, ila mirija ya kuoteshea TB usiifungue kabisa, hiyo ipike ilivyo na muda mrefu na uisahau kwenye hesabu za kuuza. Mfuko uwekwe ndani ya chombo cha chuma chenye kingo ili kikivuja kisishuke kwenye bomba, hapo nimeshakuambia kilichotupata. Usirundike mifuko mitatu mmoja juu ya mwingine, ya chini itabaki vuguvugu. Kwenye lita 75 mimi ningeweka mifuko 2 midogo basi, na uache bomba la kutolea hewa wazi mpaka mvuke utoke mfululizo bila kukohoakohoa ndo ufunge.

Muda, zile dakika 15 za kwenye vitabu ni za vyombo safi. Taka anza na dakika 60 kwenye 121, na saa ianze kuhesabu joto likishafika, sio ulipobonyeza swichi. Umeme ukikatika dakika ya 40 unaanza tena sifuri, usijumlishe 40 za jana na 20 za leo, nimewahi kumkuta mtu anafanya hesabu hiyo kwenye daftari kabisa. Hapo kwenye LUKU utaona maumivu, mashine ya ukubwa huo ni kama pasi 3 zimewashwa pamoja kwa muda wote inapopandisha joto, ndo maana usipike ndoo nusu, jaza mzigo wa siku mbili ukae kwenye ndoo yenye kifuniko ndani ya maabara, sio koridoni.

Na utajuaje imekufa? Ile tepu inakuambia kitu kimoja tu, kwamba mfuko ulipata joto. Haikuambii katikati ya mfuko kulikuwaje. Nunua ampuli za spora, zina bakteria anaitwa Geobacillus stearothermophilus, hamdhuru mtu lakini mvuke anauvumilia kuliko wadudu wote unaowajua. Ampuli moja unaifunga kwenye uzi unaizamisha katikati kabisa ya mfuko kati ya tipsi, unapika, unaivuta, unaiweka kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) ya nyuzi 55 mpaka 60 pamoja na ampuli nyingine ambayo haikupikwa. Baada ya siku moja mpaka mbili ile isiyopikwa lazima igeuke njano, maana spora wamekua, na iliyopikwa ibaki zambarau. Ikigeuka njano zote, mzigo wako haujafa, ongeza muda au punguza ujazo urudie. Zikibaki zambarau zote, basi ampuli zako zilikufa dukani au inkubeta yako ni baridi, usishangilie. Mara ya kwanza kabisa nilipofanya jaribio hili kwa mfuko uliofungwa fundo, tepu nyeusi ampuli njano, nikakaa kimya nikakumbuka mifuko yote tuliyokwisha kuitoa nje kwa miezi. Mwanzoni fanya kila mzigo mpaka upate mitatu mfululizo iliyopita, baadaye mara moja kwa wiki, na kila ukibadilisha kitu, mfuko mpya, muda mpya, rudia. Andika kwenye daftari tarehe, joto, dakika, nani alipika.

Baada ya kupika subiri presha ishuke yenyewe mpaka sifuri, usiifungue kwa pupa, mvuke wa taka unaunguza kama mvuke wa chai tu.

Kuanzia hapo ni kazi ya beseni, na ndo sehemu naipenda. PP ina uzito wa 0.9 hivi ukilinganisha na maji, HDPE 0.95, zote zinaelea. PS ni 1.05, PET na PVC ni nzito zaidi ya hapo, zote zinazama. Kwa hiyo mwaga mzigo uliopikwa kwenye beseni kubwa la maji ya sabuni, koroga, tipsi zenye hewa tikisa zijae maji maana hewa itakudanganya, halafu chota kinachoelea. Kilichozama chini ni makosa ya pale bechi, kihesabu, siku inayofuata nenda kwa wenzako na mkono umejaa sahani za petri uwaonyeshe bila kugombana. Suuza mara mbili, anika kwenye wavu juani. Hiyo PP inayobaki pale imekauka nyeupe ya maziwa utashangaa ilivyo safi, ni aina moja, daraja moja, mnunuzi hapati kitu kama hicho mtaani ambako kila ndoo ya zamani imechanganywa na rangi na chokaa. Mnunuzi mmoja aliyezoea vyuma na plastiki nilimpelekea ya kwanza, akainusa kwanza, kisha akatoa kiberiti cha gesi akachoma ncha ya tipsi moja, moto ukawa na bluu chini, ukadondosha, ukatoa harufu ya mshumaa, akasema hii PP, akanyamaza akaanza kuuliza mnatoa kiasi gani kwa mwezi. Moshi mweusi wenye masizi angejua ni PS. Yeye hana shahada yoyote, ila anazijua plastiki kuliko wengi wetu.

Kabla haijatoka getini lakini iharibiwe isitambulike. Hii sio hiari. Mrija mzima ukitoka nje, kesho utaukuta mtaani umewekwa pilipili au mafuta ya nywele unauzwa. Krasha ndogo ya kusaga plastiki ni nzuri ila ina kelele na vumbi, anayeiendesha awe na barakoa na miwani, na maji ya kuoshea yapite kwenye kitambaa kizito kabla ya kwenda kwenye shimo ili vipande vidogo visiende mtoni. Na usisage kabla ya kupika kwa mashine za kienyeji, hapo unarusha vimelea hewani. Huko nje zipo mashine zinazosaga na kuua kwa pamoja ndani ya chombo kilichofungwa, kuna kampuni ya Ireland inaitwa Envetec inatengeneza za namna hiyo, inatumia dawa bila joto kali na kinachotoka ni vipande vya kurejeleza. Nzuri, lakini hiyo ni bajeti nyingine kabisa, usiisubiri. Kama hamna krasha, panga, gogo na kijana mwenye glavu nzito vinafanya kazi kwa kiasi chenu.

Kinachotengenezwa kiwe mabomba ya maji taka, viti, ndoo za ujenzi, kreti, vigae vya kukanyagia vilivyochanganywa na mchanga. Kisiwe vyombo vya chakula wala midoli, muandikishane hivyo na mnunuzi kwenye karatasi, na mnunuzi awe na kibali. Usifanye kimyakimya pia upande wako, pita kwa kamati yenu ya kuzuia maambukizi, afisa afya mazingira, na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, maana taka za hospitali ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake. Ukiwa na daftari la ampuli mkononi mazungumzo yanakuwa mafupi, ukienda mikono mitupu watakuambia choma.

Na wakikuambia haijawahi kufanyika Afrika, sio kweli. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, waliendesha mradi wa taka za hospitali bila kuchoma kwenye nchi 4, Tanzania yetu ikiwemo, na Ghana, Madagascar na Zambia, autoklevu zikafungwa hospitalini. Mfano ninaoupenda zaidi uko Nepal, hospitali ya Bir pale Kathmandu, kongwe, ya serikali, imejaa wagonjwa kama za kwetu, walianza na kutenganisha wodini, wakatia autoklevu, plastiki iliyopikwa wakawa wanauza. Hawakuwa na mashine ya ajabu, walikuwa na ndoo za rangi na watu wa kuzisimamia.

Nikurudishe nyuma kidogo, kuna plastiki ambazo hazijawahi kugusa sampuli na nyinyi mnazichoma pamoja na zote. Maboksi ya tipsi, vile visahani vyake vya matundu, chupa za vitendanishi zilizoisha za kemikali nyepesi, vifungashio. Hizo hazihitaji kupikwa, zinahitaji suuza tu na ndoo yake. Tuliponunua mzani wa kuning'iniza, ule wa sokoni, na kupima kila mfuko kwa wiki 2, sisi wenyewe tulishangaa kuona kiasi cha plastiki safi tulichokuwa tunakiita taka hatarishi. Anza kuzitenganisha hizo, hata kesho, kutenganisha hakuhitaji kibali cha mtu yeyote wala LUKU.

Na punguza mlangoni. Maabara moja ya mikrobiolojia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh iliandika 2020 kwamba kwa kubadilisha tabia tu, kurudia kutumia vya glasi na vya chuma pale inapowezekana, na kuwa na kituo cha kusafishia vya kutumika tena, walipunguza kilo 43 za taka ndani ya wiki 4. Lupu (kijiti cha kuchotea vimelea) ya waya badala ya ya plastiki, mirija ya glasi kwa vipimo vya rangi, sio mambo mageni kwetu, wazee wetu wa maabara walifanya hivyo miaka yote, tukaacha wakati plastiki ilipokuwa inaletwa bure na miradi.

Glavu usiniulize, sina jibu zuri. Zimelowa, ni mpira mchanganyiko, hazina mnunuzi. Sahani za petri nazo zikishapikwa kwa ndoo yake peke yake, donge lake linaweza kwenda kwa mtu wa vigae kama yupo na akilikubali likiwa limeoshwa agari, la sivyo linakwenda shimo la hospitali lililofukiwa vizuri, bora donge lililokufa shimoni kuliko moshi wodini.

Sasa wewe fanya hivi, wiki 2 pima kila ndoo uandike, usipike wala kuuza chochote bado. Halafu niandikie namba zako, na uniambie hiyo autoklevu ina kipima joto au geji tu, valvu ya usalama imeandikwa ngapi, na inkubeta yenu inafika nyuzi 55 au inaishia 37. Kama inaishia 37 ampuli utazipeleka kwa jirani mwenye inkubeta ya joto kali, hazioti kwenye 37, zitabaki zambarau na wewe utadhani umefaulu.